Antena ya Chuma Kilichobaki

Siku ile mjinga alikuwa fundi wa kuchomelea mwenyewe, na alilikubali hilo mapema ili watu wasipoteze muda kumtafuta mwingine. Jumamosi asubuhi alikiondoa king'amuzi cha kebo kabatini, akakifuta vumbi, akakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na rimoti yake, akakirudisha ofisini kwa kampuni. Msichana wa kaunta alimuuliza sababu. Akajibu kwamba amechoka kulipia chaneli mia za watu wanaopika keki na watu wanaouza majumba, ilhali yeye huangalia mpira na taarifa ya habari. Msichana akagonga muhuri. Fundi akatoka amenyoosha mabega kama mtu aliyeshinda kesi, akapanda juu ya bati la nyumba yake na koleo mkononi, akaukata waya kwa mkato mmoja, kisha akashuka kumweleza mkewe kwamba utumwa umekwisha.

"Mwezi huu si tulikuwa tumeshalipia?" mkewe akauliza bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

"Tulikuwa tumelipia."

"Na mwezi ndiyo kwanza umeanza."

Fundi akalitazama lile koleo kama vile ndilo lililokuwa na haraka.

Ushauri uliletwa na kaka wa mkewe, muuza matairi, mtu ambaye kwa bahati njema sana alikuwa akifika kila chakula kinapoepuliwa. Alisema dunia imeendelea, watu siku hizi wanaangalia mpira kwenye simu. Akatoa yake mfukoni, akawaonyesha mechi ya wachezaji wadogo kama punje za ulezi.

"Huo si mpira," fundi akasema. "Hao ni mchwa wanakimbizana."

"Basi nenda baa. Unanunua soda moja, unaangalia dakika tisini."

"Soda moja?" dada yake akamwuliza. "Wewe?"

"Basi jiunge kwenye waya wa jirani."

"Huo ni wizi, shemeji."

"Ni ujirani."

Fundi akanawa mikono, akasema yeye ana chuma na ana moto, kwa hiyo antena ataikosa vipi. Akaenda karakana.

Nyuma ya karakana kulikuwa na vipande vya nondo na mabapa vilivyobaki kwenye kazi ya kinyozi wa mtaa ule. Kinyozi huyo watu walimwita Bwana Pole, kwa sababu hakuna aliyewahi kujikwaa mbele yake akakosa pole. Ukipiga chafya, pole. Wembe ukikugusa shingo, pole mara mbili na pamba ya spiriti. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mtoto. Alikuwa amefika karakana kuagiza mlango wa chuma wa chumba cha nyuma, chumba cha kulala, na akataka komeo liwe upande wa nje tu.

"Na ndani?" fundi alimwuliza.

"Ndani kusiwe na kitu," kinyozi alisema kwa sauti yake ya taratibu.

Fundi akauliza tena, mara hii kama komeo likae kulia au kushoto. Alijibiwa kulia. Utepe wa fundi hupima mlango, haupimi sababu. Mlango ulitoka mzuri, akauchukulia picha ya kuonyesha wateja.

Kwa vipande vilivyobaki aliunda antena yenye mbavu kumi na mbili, pana kama kitanda cha mtoto, akaifunga kwenye bomba na kuipandisha juu ya bati. Jioni akawa huko juu akiizungusha, na muuza matairi akasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, akiwa daraja kati ya picha na bomba.

"Bado! Bado! Zungusha kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Rudi kidogo. Hapo hapo! Usipumue!"

Kwenye kioo cha televisheni chenga zilitulia, kikatokea chumba. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye godoro. Muuza matairi alipopiga ukelele wa "hapo hapo", mwanamke yule aliinua kichwa akatazama dari, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Fundi akashuka, akafuta mikono, akaketi. Kitu cha kwanza alichokitambua ni mlango wake. Aliuona kwa ndani, upande ambao hakuwahi kuuona tangu aufunge, na akaridhika kwamba maungio yamekaa sawasawa. Kisha mlango ukafunguliwa, kinyozi akaingia. Akatundika koti. Akakunja mikono ya shati mara mbili, vile vile anavyoikunja kabla ya kumnyoa mtu ndevu.

"Filamu hii haina muziki?" muuza matairi akauliza.

Kinyozi akampiga mkewe kofi la mkono wazi, kisha akaufunga mkono. Kila pigo alilifuatisha kwa neno moja, "pole," kwa sauti ile ile ya dukani. Akamshika nywele akamgonganisha kichwa na mlango, na chuma kikalia. Fundi alipousikia mlio ule alijua hakuna pahali alipopaacha bila moto. Chuma kilichochomelewa vibaya hulia kama debe, na kile kililia kama kengele.

"Ni jirani yetu yule," mke wa fundi akasema.

"Ndiye."

"Kwa nini tunamwona?"

"Antena na ule mlango ni chuma kimoja," fundi akaeleza. "Kinajuana. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Maelezo hayo yalitosha. Muuza matairi akauliza tu kama kwa chuma cha uwanja wa mpira mtu angepata mechi, na fundi akasema inawezekana, ila kule zabuni zina wenyewe.

Damu ikaanza kuchuruzika kwenye kona ya chini ya televisheni. Ikateremka juu ya kabati, ikafika kwenye kitambaa cha kufuma. Mke wa fundi akakitoa, akakiloweka kwenye maji baridi, kwa sababu damu ukiiwahi haiachi alama.

"Anamuua," akasema, akiwa bado anakifikicha.

"Bado," kaka yake akasema. Alikuwa mtu aliyeona filamu nyingi.

Mke wa fundi akakiacha kitambaa ndani ya beseni, akajifunga kanga, akatoka. Waliobaki waliisikia hodi yake mara mbili, mara moja dirishani kutoka ng'ambo ya njia na mara moja kwenye televisheni. Kinyozi akaacha kazi yake. Akajifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, akateremsha mikono ya shati, akatoka chumbani na kufunga komeo. Sauti yake ikasikika kutoka mlango wa mbele: "Pole sana kwa usumbufu, dada. Ameteleza bafuni. Nitamfikishia salamu. Pole sana." Kisha akarudi chumbani, akakunja tena mikono ya shati, akamwuliza mkewe kama ni yeye aliyemwita jirani. Mkewe akasema hakumwita mtu. Kinyozi akaulaza mkono wa kushoto wa mkewe kwenye ukingo wa kitanda, akauegemea kwa goti. Ulivunjika kwa mlio mdogo, kama kijiti cha kuwashia moto.

Mke wa fundi alipoingia, kaka yake alisogea kumpisha akae.

"Unaona? Umechochea," akamwambia. "Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Na wakimaliza kuuana nichukue nini?"

"Usinipandishie sauti, dada. Unatuziba."

Tangu siku hiyo mke wa fundi alikuwa akikaa kuipa televisheni mgongo. Hakuondoka sebuleni. Alisikiliza, na alikuwa na matambara karibu.

Habari ya antena ilienea mtaani, kwa maana habari ya kitu cha bure haina haja ya gari. Watu walianza kufika baada ya chakula cha jioni, kila mmoja na kigoda chake: fundi cherehani na mkewe, mchoma mahindi, dereva wa lori anayelala akiwa ameketi. Waliopitwa na mwanzo walisimuliwa. Wengi wao nao walirudisha ving'amuzi vyao kwa kampuni, na msichana wa kaunta aligonga muhuri mpaka ukachakaa. Ilikuwa chaneli moja tu, lakini picha haikuwa na matangazo ya biashara.

Ubaya wake ulikuwa mmoja, kwamba vitu vilitoka. Kandambili ilirushwa ikampata fundi cherehani kwenye paji la uso. Kifuniko cha sufuria kilipita juu ya vichwa kikavunja saa ya ukutani. Watu wakajifunza kukaa upandeupande, na fundi akatandika nailoni kwenye zulia. Jioni moja, kinyozi alipotumia kisigino cha kiatu, jino liliruka kutoka kwenye kioo likatumbukia katika bakuli la karanga. Muuza matairi alilihisi kwa ulimi kabla hajaling'ata. Akalitoa, akaliweka ukingoni mwa kisahani, akaendelea kula, ila sasa alikuwa akiziangalia karanga kwanza. Mke wa fundi akalichukua, akalisuuza, akalihifadhi ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baadaye yakafuata mengine mawili.

Asubuhi wanaume wale wale walikwenda kunyolewa. Hakukuwa na kinyozi mwingine mwenye mkono kama ule. Fundi aliegemeza kichwa, akaona kwenye kioo vifundo vya vidole vya kinyozi vimebandikwa plasta.

"Umeumia, Bwana Pole?"

"Mashine hizi," kinyozi akasema. "Inua kidevu."

Wembe ukapanda kooni taratibu. Fundi alikuwa na neno, tena alikuwa amelipanga vizuri njiani, lakini wembe ulikuwa pale neno lilipotakiwa kupita. Akalimeza. Alipofutwa povu, neno lilikuwa limeshashuka tumboni, na kulirudisha ilikuwa kazi.

"Antena yako inashika vizuri, nasikia," kinyozi akasema, akimpaka spiriti.

"Inajitahidi."

"Pole na upepo wa huko juu."

Kweli picha ilikuwa imeanza kutikisika, ila haikuwa upepo. Mke wa kinyozi, akishafungiwa, alikuwa ameanza kuupiga mlango kwa bega lake zima. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akakimbia, akajitupa. Mlango ukitikisika, antena nayo ilitikisika juu ya bati, na sebuleni kwa fundi picha ikakatikakatika watu wakapiga kelele. Muuza matairi alikuwa mwepesi kuliko wote. Aliacha bakuli, akatoka mbio, akalikumbatia bomba la antena kwa mikono miwili. Bomba likatulia. Picha ikatulia. Katika picha, mlango ulisimama kama mlima, na mwanamke akaupiga bega mara nyingine na nyingine bila hata kuusogeza, mpaka bega likatoka mahali pake.

"Ukilishika bomba, mlango nao unakaza," mke wa fundi akasema. Alikuwa amegeuka kutazama, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya kwanza.

"Tumeona," fundi akasema.

"Mwachieni kaka alilegeze."

"Tukililegeza hatuoni kitu."

Mwanamke yule hakuacha. Jioni zilizofuata alitumia bega la pili, kisha mguu, kisha chuma cha kitanda alichokinyonga mpaka kikatoka. Bawaba ya juu ikaanza kung'oka ukutani na vipande vya saruji vikamwagika mpaka juu ya nailoni ya sebule. Sasa picha iliruka kiasi cha kuumiza macho, na mikono ya muuza matairi haikutosha. Fundi cherehani akamsaidia, na dereva wa lori akaamshwa. Mke wa fundi akawaambia wakae chini, wakamwambia jambo hili ni la ufundi, haliwahusu wanawake.

Jumapili fundi alipandisha mashine ya kuchomelea juu ya bati. Aliipa antena miguu mitatu ya chuma kinene, akaifunga kwenye mbao za paa, akatia moto kila kiungo, akafuata kwa nyundo kuondoa gamba. Chini, watu waliokuwa wamewahi viti waliona bawaba ya juu ikirudi ukutani yenyewe na saruji ikiifunika. Mwanamke alikuwa karibu nayo. Aliigusa kwa kidole, akaondoa kidole haraka kwa sababu ilikuwa ya moto.

"Picha safi!" wakapiga makofi. Fundi akainama akiwa juu ya bati, akashukuru.

Jioni hiyo kinyozi alikiona chuma cha kitanda sakafuni. Alikiokota, akakipima mkononi, akasema pole. Alimpiga nacho mgongoni, kiunoni, miguuni, kwa utaratibu, kama mtu anayekung'uta godoro. Dereva wa lori alikuwa macho. Mke wa fundi cherehani alijifunika kanga usoni, akawa anatazama kwenye tundu. Mwishoni kinyozi alimwinua mkewe kwa shingo na kumtupa ukutani, upande ule ambao watu wote walikuwa wakiutazama kila siku, na mwanamke akapita kwenye kioo cha televisheni akaanguka juu ya zulia.

Watu wakavuta miguu kumpisha.

Mke wa fundi alimwegemeza kwenye kochi, akamnywesha maji kwa kijiko, akamfuta uso. Alimfunga mkono kwa ile kanga yake. Kisha akatoa kisanduku cha kiberiti, akakiweka kwenye kiganja chake kizima.

"Meno yako, dada. Niliyaweka."

Mke wa kinyozi akakitikisa, akasikia yamo, akakifumbata. Kwenye televisheni mumewe alikuwa akimtafuta chini ya kitanda. Alitazama nyuma ya pazia. Alisimama katikati ya chumba, akafikiri, akateremsha mikono ya shati, akavaa koti.

"Anakuja huku," mchoma mahindi akasema, na kwa kuwa chumba sasa kilikuwa kitupu, akarudi kula.

Mke wa fundi akamgeukia mumewe. "Panda sasa hivi ukaing'oe ile antena. Au chukua msumeno ukakate lile komeo. Wewe ndiye uliyeliweka."

"Ile ni kazi ya mteja," fundi akasema. "Fundi akianza kubomoa kazi za wateja, kesho nani atamletea chuma?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aniambie mwenye mlango."

Mwenye mlango akabisha hodi, maana alikuwa mtu wa adabu. Akasalimia wakubwa kwa wadogo. Fundi cherehani akasogea kumpa nafasi, lakini kinyozi akasema hakai, amemfuata tu mwenzake. Akaitazama televisheni, chumba chake kikiwa kimetulia ndani yake, taa ikiwaka, kitanda kimepinda.

"Picha yenu safi," akasema. "Na komeo, fundi, halijawahi kunisumbua. Pole kwa zulia."

"Haondoki!" mke wa fundi akasema, akasimama mbele yake na tambara lenye damu mkononi. "Kaka, simama. Simameni hata mmoja!"

Muuza matairi alikuwa na bakuli mapajani. Akasema mambo ya mke na mume, dada, wagombanao ndio wapatanao. Dereva wa lori alikuwa amesinzia tena. Kinyozi akamzunguka mke wa fundi taratibu, akimwomba radhi, akamshika mkewe mkono, ule uliovunjika, akamwinua.

Mke wa kinyozi hakulia. Alitembea kati ya vigoda huku akimtazama kila mmoja usoni, kama mtu aliyewahi kuwaona wote mahali fulani na sasa anahakikisha. Alipofika kwa fundi akasimama. Mumewe akamngoja kwa subira.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji, usituwekee lawama bure," akasema. "Sisi tulikuwa kwetu. Tulikuwa tunaangalia televisheni. Mtu ametoka kazini, amechoka, ameshakaa. Atanyanyukaje?"

Mke wa kinyozi akayasogeza meno yake ndani ya kisanduku, yakalia.

"Picha ikitikisika ulikuwa unanyanyuka, shemeji."